Jino Nililokataa Kulitazama

Kwa karibu miaka minne niliishi kiwanja kimoja na Tusekile, mkamwana wangu, na katika muda huo wote sikuujua uso wake. Nilijua mgongo wake. Nilijua nguo ya kijani aliyojitanda kichwani, nilijua sauti yake kanisani, na kisogo chake akiwa ameinama kando ya njia ili mimi nipite. Wangepangwa wanawake kumi wakanipa mgongo, ningemtambua yeye bila kusita. Wangenigeukia, ningepotea.

Hiyo ndiyo heshima ya kwetu Wanyakyusa, na watu wa pwani wakitaka kucheka wacheke, nao wana yao. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe. Akimwona kwa mbali huiacha njia. Akikutana naye ghafla huinama na kujifunika mpaka mzee apite. Halitamki jina lake, hakai naye chumba kimoja. Wazee waliiita ukutila. Sisi Wakristo tulikuwa tumeanza kulegeza. Mchungaji alishasema kwamba kusalimiana si dhambi, na kwenye nyumba kadhaa za mlimani wakwe waliitikiana wakiwa wamesimama mbalimbali. Mimi, Asukile, dresa wa zahanati na mzee wa kanisa, mtu wa viatu na saa ya mfukoni, nilitakiwa niwe wa kwanza kulegeza. Sikulegeza. Nilipenda kuinamiwa. Neno hili naliandika mapema kabla sijapata mwanya wa kulizunguka.

Tusekile alizaliwa ng'ambo ya bonde letu, kwenye vilima vya juu ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, kwa Sedekia, mkulima wa viazi na pareto. Mama yake alifariki angali mdogo, akalelewa na bibi yake, Esta, kikongwe mwenye ulimi mkali ambaye alibatizwa uzeeni na hakuona sababu ya kubadilika sana. Alisoma mpaka darasa la nne. Alikuwa na sauti ya kwanza iliyokuwa ikivuka paa la mabati la kanisa hata mvua ikinyesha, na wenye kuyajua mabati wanaelewa nasema nini. Mwaka 1951, baada ya mavuno, akaolewa na mwanangu wa kwanza, Anyitike, aliyekuwa akifanya kazi ya pampu kwenye machimbo ya dhahabu ya Makongolosi. Anyitike alikuwa akija nyumbani mara mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote Tusekile alikuwa wa mke wangu Damari: shamba, kuni, maji, pareto.

Sasa niseme kazi yangu. Zahanati ilikuwa yangu peke yangu, nami nilitibu kila kitu, lakini jina langu lilitokana na meno. Nilikuwa na koleo tatu zilizong'arishwa na bomba la sindano ya ganzi, na watu walitembea kutwa nzima, Wasafwa, Wakinga, hata Wasangu wa bondeni, kuja kunifumbulia midomo. Nilijisifu kwamba gego halijapata kunishinda. Na kutoka kwenye kile kiti changu cha kung'olea meno mpaka jiko la Damari, alikokuwa akishinda Tusekile, palikuwa na hatua arobaini. Nimezihesabu. Nimezihesabu baadaye, mara nyingi.

Masika ya 1952 Damari akaniambia, "Baba Anyitike, mkamwana jino linamsumbua. Hajalala siku ya tatu."

"Lipi?"

"La juu, huku kushoto, la nyuma."

Angekuwa mtu mwingine ningemketisha kitini kabla hajamaliza kusema. Kwa huyu nilichovya pamba kwenye mafuta ya karafuu, nikaiweka kwenye kiganja cha Damari, nikasema ampelekee abane kwa meno. Wiki tatu tulifanya hivyo. Kisha maumivu yakaisha, Damari akanishukuru, "Ndaga fijo," nami nikaitikia kama mtu aliyefanya kazi. Wagonjwa wangu nilizoea kuwaambia, kwa maneno haya haya, kwamba jino likiuma sana halafu likanyamaza lenyewe, halijapona, limekufa, na kilichokufa huoza. Hilo sikumwambia Damari.

Haikupita miezi sita, pua ya Tusekile ikaanza kutoa uchafu. Kwanza ulikuwa wa njano, halafu wa kijani, na ukaanza kunuka. Wakati ule watu wa mlimani ndio kwanza walikuwa wamechangamkia pareto, na wengi walipiga chafya wakichuma yale maua. Basi nikapata pa kuegemea. Nikasema ni vumbi la pareto. Nikaamuru asichume tena, ajifukize kwa majani ya mkaratusi. Ikashindikana, nikampelekea dawa ya matone. Ikashindikana, nikampelekea vidonge vya salfa. Akapata nafuu siku nane, uchafu ukarudi na harufu yake.

"Unatoka upande mmoja tu," Damari aliniambia. "Kushoto. Na anasema mdomoni anasikia ladha mbaya kila asubuhi."

Nilisikia. Nilijibu, "Aendelee kujifukiza."

Kama hujawahi kuishi na mtu anayenuka bila kosa lake, shukuru Mungu. Kwanza watu hujisogeza kidogo. Kwenye benchi la wanawake kanisani palikuwa na nafasi pande zote mbili za Tusekile, nafasi ya kumtosha mtu mzima, huku wengine wamebanana. Kiongozi wa kwaya akamwomba asimame nyuma. Baadaye akamwomba apumzike kidogo mpaka apone. Damari wangu, mwanamke mwema, akamtengea kikombe. Tusekile mwenyewe alikuwa akiisikia ile harufu kuliko sisi sote, maana ilikuwa ndani ya kichwa chake, nasi tulikuwa nje. Akaacha kuongea karibu na watu. Akawa anajibu kwa kichwa.

Ndipo maneno yalipoanza. Kwetu mtu akiugua ugonjwa wa aibu, wazee huuliza alimkosea nani. Mtu mmoja, sikupata kumjua, akasema mke wa Anyitike alimtazama baba mkwe wake akioga kwenye kijito, na kwamba huo uozo ni malipo ya macho yake. Maneno hayo hayakai kitako. Baada ya mwezi, wazee wawili wakaja kwangu zahanati, wakakaa, wakauliza habari za mifugo, mwisho wakaniuliza waziwazi: je, mkamwana wako aliwahi kukuvunjia heshima?

Nilijua ni uongo. Kuoga kijitoni nilishaacha tangu nilipojenga bafu la matete. Neno moja, "hapana," lingetosha kumwokoa yule binti. Lakini fikiri nami, mimi niliyefikiri upesi sana siku ile: kama si laana, basi ni ugonjwa, na ikiwa ni ugonjwa, kwa nini dresa hajauponya? Nikatazama koleo zangu ukutani. Nikasema, "Mimi sijui. Mwanaume hatazami nyuma." Wazee wakatikisa vichwa, wakaaga. Mpaka leo nikikumbuka jibu lile uso unanichoma.

Nitaje na jambo la mtaroni, nimalize. Siku moja natoka kumtazama mgonjwa, nikakata kona kwenye migomba, nikamkuta Tusekile uso kwa uso na tenga la viazi kichwani. Alipotaka kuniachia njia akaanguka mtaroni, viazi vikatawanyika matopeni. Hakuviokota. Aliinama palepale, magoti kwenye maji, nguo ya kijani usoni. Nilipita. Nilimsikia akiguna kwa maumivu, nikadhani ameteguka mguu, na hata hivyo nilipita, kwa mwendo wa heshima, mikono nyuma.

Pasaka ya 1955 Anyitike alikuja kutoka Makongolosi. Usiku wa kwanza alilala nyumbani kwake. Wa pili alilala kwa vijana wenzake. Asubuhi akanijia zahanati, hakukaa.

"Baba, siwezi. Nyumba nzima inanuka. Na watu wanasema maneno hata kule machimboni. Nataka arudi kwao."

Nilikuwa nikifunga mzigo. Nilikuwa nimeitwa Iringa, mafunzo ya wiki mbili kwa madresa wa jimbo, na lori lilikuwa linanisubiri barabarani. Nikamwambia, "Wewe ndiye mwenye mke. Fanya unavyoona." Nikavaa kofia, nikaondoka. Njiani nilikula mahindi ya kuchoma na dereva, tukacheka.

Iringa iko juu ya kilima na upepo wake hauna adabu. Mafunzo yetu ya meno aliyashika Philbert Kalinga, Mhehe mrefu, mpole, aliyekuwa ameshika taa kwa miaka kumi pembeni ya daktari wa meno mpaka akayajua meno kuliko wengi wenye vyeti. Siku ya nne akaletwa dereva wa malori, mtu wa miraba minne, ambaye pua yake ilikuwa imemtesa mwaka mzima. Alishapita kwenye zahanati tatu. Zote zilimpa matone.

"Uchafu unatoka pua zote mbili au moja?" Kalinga akamuuliza.

"Moja. Hii ya kulia."

"Ukiinama?"

"Aa, bwana we! Nikiinama kufunga tairi, shavu linataka kupasuka. Macho yanaingia giza."

"Jino la upande huu lilipata kuuma?"

"Liliuma mwaka juzi. Likapona lenyewe."

Kalinga akatugeukia. "Mmesikia hilo la kupona lenyewe?" Akafunga madirisha, chumba kikawa giza, akamtia dereva tochi ndogo mdomoni na kumwambia aifumbie midomo. Shavu la kushoto likawaka jekundu, lote, mpaka chini ya jicho. La kulia likabaki jeusi. Akafungua madirisha, akachukua kijiti cha chuma, akagonga magego ya juu moja moja. Kwenye la tatu dereva aliruka na kiti.

Kisha akatuonyesha kwa fuvu la mtu alilokuwa nalo mezani. Ndani ya mfupa wa shavu kuna pango, lenye kijitundu cha kutokea puani. Mizizi ya magego ya juu huishia chini ya sakafu ya pango hilo, na sakafu yenyewe ni nyembamba kama ganda la yai. Jino likifa, usaha wake hupanda juu badala ya kushuka, hujaza pango, hutokea puani upande ule ule. Unaweza kutia matone mpaka Kiama. Akamdunga ganzi, akang'oa, na usaha uliofuata ulitufanya madresa wazima tushike pua. Akaingiza maji ya chumvi ya uvuguvugu kwa bomba kwenye shimo la jino, nayo yakatokea puani. Dereva akaanza kulia kwa kuona kichwa kimekuwa chepesi.

Mimi nilikuwa nimeloa jasho katika ule upepo wa Iringa. Kushoto. Ladha mbaya asubuhi. Jino lililonyamaza. Damari aliniletea yote hayo moja moja, nami nikayarudisha na majani ya mkaratusi.

Kalinga alinifuata nje. "Bwana Asukile, unaumwa?"

"Kuna mgonjwa kwetu," nikasema. "Ni hivi hivi."

"Umetazama mdomo wake?"

"Hapana."

"Ana muda gani?"

"Miaka miwili na nusu."

"Labda yuko mbali na zahanati."

Ningeweza kusema ndiyo. Nikasema, "Hatua arobaini." Nikajitetea haraka: ni mkamwana wangu, kwetu kuna heshima, siwezi kumtazama wala yeye hawezi kunitazama.

"Hata Uhehe tunawastahi wakwe," Kalinga akasema taratibu. "Lakini mkeo hana macho? Ungempa kijiko, agonge yeye, akwambie lipi linaloruka."

Kwa miaka miwili na nusu nilijificha nyuma ya mila, na mila yenyewe ilikuwa na mlango wazi. Ningemtuma mke wangu na kijiko. Ningemtafutia hata mwanamke mwingine wa kumtazama. Sikuwa nimekatazwa na mtu. Nilikuwa nimejikinai, nikaogopa kuonekana nimeshindwa, nikaita woga huo heshima.

Sikumaliza mafunzo. Kalinga alinipa ile tochi na bomba la kuoshea, nikadandia lori la mzigo, siku mbili mpaka Mbeya kwa matope ya masika, kisha nusu siku kwa lori la magogo, kisha miguu. Nilipofika nyumbani jiko lilikuwa na Damari peke yake.

"Wamemrudisha Jumanne," akasema. "Ulisema afanye anavyoona." Kisha akasema, bila kunitazama, "Jicho lilikuwa limeanza kuvimba."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Hapa aliyekuwa ameyaficha nilikuwa mimi, na kilio kingekuwa cha Tusekile. Uvimbe ukifika kwenye jicho unaweza kupanda mpaka kwenye ubongo, hilo nilijua vizuri. Nikachukua koleo, ganzi, chupa za penisilini, nikavuka bonde mvua ikininyea.

Sedekia alinipokea mlangoni bila kuniambia karibu. "Dresa. Umeleta vyombo vyake vilivyosahaulika?"

"Nimekuja kumtibu."

"Leo?"

Nilisema ndiyo, leo. Nilimwambia bora zaidi ingekuwa kumpeleka Mbeya hospitali, lakini mlima ulikuwa umeporomokea barabara jana yake, magari hayapiti, na hatuna siku za kungoja. Halafu akaingia ndani, nikasikia sauti ya Tusekile ikizungumza na bibi yake. Nilikuwa sijaisikia sauti ile ikiongea kwa zaidi ya mwaka.

"Bibi, mwambie arudi. Nilisingiziwa kwamba nilimtazama. Sasa nimtazame kweli?"

Nilisimama kwenye mvua.

Aliyetuokoa ni Bibi Esta. Alitoka, akanipima kutoka viatu mpaka kofia, akasema, "Wewe unataka uso au unataka jino?"

"Jino, mama."

"Basi jino utapata." Akachukua kipande cha kaniki, akakitoboa kwa kisu katikati, tundu la ukubwa wa mdomo. Akamketisha mjukuu wake mlangoni penye mwanga, akamfunika uso mzima, macho ndani, mdomo nje. "Haya. Yeye hakuoni, wewe humwoni. Mila imekaa pale pembeni, inatutazama. Fanya kazi."

Ndivyo nilivyofumbuliwa mdomo na mkamwana wangu. Harufu ilinipiga. Niligonga la kwanza, la pili. Nilipogonga gego la tatu mwili wake wote ulishtuka, lakini hakutoa sauti. Jino lilikuwa na tundu jeusi la kutosha punje ya mtama. Mtu yeyote angeliona. Mtoto angeliona. Damari na kijiko chake angeliona kwa dakika moja mwaka 1952.

Nilidunga ganzi, nikangoja, nikang'oa. Usaha ulitoka kwanza taratibu, halafu kwa wingi, Bibi Esta akiukinga kwa bakuli. Nilimwosha kwa maji ya chumvi mpaka yakatokea puani yakiwa meupe. Nyuma ya kaniki nikasikia pumzi ndefu, kisha nyingine, kama mtu anayejaribu kitu alichorudishiwa. Bibi Esta aliliokota jino, akaligeuza-geuza, akaliweka kwenye kiganja changu.

"Kumbe ni hiki," akasema. "Mlimfukuza mtoto kwa hiki."

Nilikwenda kila siku kwa siku kumi. Sindano za penisilini alinyooshea mkono kutoka nyuma ya mkeka, mkono mwembamba kuliko nilivyodhani. Nilimkataza kupenga kamasi, nikasema akipiga chafya afumbue mdomo, mpaka shimo lizibe. Uvimbe wa jicho ulinywea siku ya tatu. Siku ya tano harufu haikuwepo. Siku ya saba, Bibi Esta, akinishikia bakuli, aliniambia jambo ambalo sikuliuliza.

"Unajua alipoumia zaidi ni wapi? Sio kanisani. Anasema ni njiani. Kila ulipopita akainama, shavu lilijaa likapiga kama ngoma mpaka akataka kutapika. Anasema ulikuwa unatembea polepole sana."

Nilikumbuka mtaro. Bibi Esta alinipokonya bomba, akaosha mwenyewe.

Anyitike alikuja kumwomba mkewe arudi. Alikaa nje ya nyumba ya Sedekia siku mbili, na simhukumu, maana alifanya kwa uwazi nilichokifanya kwa kujificha. Tusekile alituma neno kupitia bibi yake, na neno halikuwa la Anyitike, lilikuwa langu: atarudi, ila Dresa asimame kanisani aseme ukweli wote mbele ya watu.

Nilisema ndiyo. Wiki nzima niliyafanyia mazoezi maneno yangu. Jumapili ile, baada ya matangazo, nikasimama. Kanisa lilijaa. Tusekile alikuwa kwenye kwaya, safu ya mbele, mahali pake pa zamani. Kiongozi alikuwa amempisha mwenyewe. Nikalitoa jino kwenye karatasi, nikaliinua. Nikasema binti huyu hakumtazama mtu, hakumkosea mtu, hana laana. Ni jino. Nikaeleza pango la shavu, mizizi na ganda la yai. Watu walishangaa, wanawake wakapiga vigelegele, mzee mmoja wa wale wawili akasikika akisema Kyala, Mungu wetu, asifiwe. Hapo ndipo nilipotakiwa kuendelea. Niliyaweka maneno tayari ulimini: nilijua, niliambiwa kushoto, niliambiwa ladha, niliulizwa na wazee nikasema sijui, nilimpita mtaroni. Lakini mchungaji alikwisha kuinuka na kunishika mkono. "Ndugu zangu," akasema, "tumshukuru Mungu kwa mikono ya Dresa wetu!" Na kanisa zima likaimba.

Nami nikazipokea sifa zile. Nilisimama pale na jino mkononi, nikatikisa kichwa kwa unyenyekevu.

Ilibidi nipite mbele ya kwaya kurudi kwenye benchi langu. Wanawake wote walioolewa kwenye ukoo wetu waliokuwa kwenye safu ile waliinama kama desturi, nguo zikashuka usoni. Tusekile hakuinama. Alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo, shingo imenyooka, na alinitazama machoni. Ndipo nilipouona uso wake mara ya kwanza: mpana, wenye kovu dogo kwenye nyusi, na macho yasiyokuwa na hasira, yakingoja nimalize. Niliteremsha macho mimi. Nikapita nimeinama mpaka nilipokaa.

Alirudi kwa Anyitike. Alizaa watoto watano, wote niliowapa majina ya wazee wangu, na kwa miaka mingi aliongoza kwaya ile. Akina mama wa mlimani walikuwa wakimpelekea watoto wenye mafua yasiyoisha, naye aliwauliza pua moja au mbili, akaingia jikoni kuchukua kijiko. Kunitazama hakunitazama tena. Lakini kuinama pia hakuinama tena. Nikipita alisimama wima, akageuza uso upande, akangoja. Watu walidhani shingo yake iliharibika wakati wa ugonjwa, nami niliwaacha wadhani hivyo.

Leo mimi ndiye ninayetembea polepole, kwa fimbo. Koleo zina kutu. Mchungaji yule amekufa, na wale wazee wawili. Wiki iliyopita nilimwomba Damari amwambie mkamwana kwamba nataka nizungumze kanisani, kuna neno nililolikatisha mwaka 1955. Damari alikwenda, hatua arobaini, akarudi.

"Anasema kanisani hapana," Damari akaniambia. "Anasema wale waliotakiwa kusikia wameshazikwa. Anasema uliandike, watoto wake wasome."

Basi nimeliandika.